Safari ya Kumtafutia Chai Makao

MBWA KALI! Hayo ndiyo maneno utakayoyasoma kwenye malango mengi jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Lavington. Walimu wa Kiswahili wamechoka kutusahihisha kwamba mbwa huwa mkali wala si kali, lakini wachoraji wa mabango hawana habari nao. Wakati mwingine hata mbwa mwenyewe hayumo uani. Bango peke yake latosha kumfanya mpita njia akaze mwendo.

Sina ugomvi na mabango hayo. Wezi wapo, na mwenye mali hana budi kuilinda. Hata hivyo, leo ningependa kumzungumzia mbwa wa aina nyingine, ambaye hakuna anayeweza kumwandikia bango. Huyu ni mbwa mwenye haya. Ukimkaribia hurudi nyuma. Ukimwita hujibanza pembeni. Ukimtupia mfupa hausogelei mpaka uende zako. Katika jiji ambalo mbwa huchukuliwa kama askari wa zamu, ni nani atakayempa makao mbwa wa namna hiyo?

Swali hilo lilinikalia kichwani kwa miezi mingi, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mambo yalianza pale kifunguamimba wangu alipomaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani akingojea kuitwa chuo kikuu. Ninyi nyote mlio na watoto wa umri huo mnaijua adha ya miezi hiyo. Kijana hulala hadi jua la utosini, kisha hushinda ameinamia simu. Kumbe binti yangu alikuwa na mpango wake. Asubuhi moja aliniaga, akasema anakwenda kujitolea katika kituo kimoja cha kutunza wanyama waliotupwa, viungani mwa jiji. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vizimba, kuwapikia mbwa ugali na kuwatembeza wale waliokubali kutembezwa. Malipo yalikuwa chakula cha mchana na nauli ya matatu.

Jioni alirudi akinuka dawa ya kuoshea sakafu. Mdogo wake alihama na sahani yake, akaenda kuketi upande wa pili wa meza. Lakini msichana alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu mitihani ilipoanza, nami nikanyamaza.

Haukupita muda kabla ya kuanza kutusimulia habari za mbwa wa kizimba cha mwisho. Wageni waliofika kituoni kutafuta mbwa hawakufika huko. Walisimama kwenye vizimba vya mwanzo, ambako mbwa wachangamfu waliruka, wakabweka na kutikisa mikia. Yule wa mwisho hakutoka hata kuchungulia. Alijikunja nyuma ya ndoo ya maji, mkia ameufyata, macho ameyaelekeza ukutani.

Wafanyakazi walimwita Chai kwa sababu ya rangi yake, ambayo ni ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Baba watoto aliposikia jina hilo alicheka. Alisema katika nchi hii, ukitangaza kwamba umempeleka Chai nyumbani kwa mkubwa fulani, utajikuta ukihojiwa na wapelelezi.

Hadithi ya Chai haikuwa ya kuchekesha. Alipatikana katika ua wa nyumba iliyohamwa. Wenyewe walipakia viti, kabati na runinga kwenye lori, wakamwacha amefungwa mnyororo. Majirani walimsikia akilia hadi siku ya tatu, ndipo wakawaita watu wa kituo. Shingoni alikuwa na kovu pale mnyororo ulipomla. Daktari wa mifugo alimkadiria umri wa miaka miwili.

Si kwamba hakuwahi kuchukuliwa. Bwana mmoja alimchukua, na baada ya siku nane akamrudisha. Lalama yake ilikuwa moja. "Huyu habweki," alisema. "Mimi nilitaka mbwa, nanyi mkanipa kondoo."

Hofu hutoka wapi?

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Methali hiyo yaeleza mengi juu ya mbwa kama Chai, lakini haielezi yote. Si kila mbwa mwoga aliwahi kupigwa. Wengine hawakupigwa kamwe, ila hawakupata nafasi ya kuwajua watu mapema.

Mwaka wa 1965 wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu kilichotokana na utafiti wa miaka mingi juu ya tabia za mbwa. Walieleza kwamba kuna kipindi kifupi katika utoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hivi hadi karibu wiki ya 12, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza ni nani aliye wa kwao. Wale waliokua mbali na watu mpaka kipindi hicho kikapita walikuwa na taabu kubwa ya kuwazoea watu baadaye.

Hebu tazama tunavyoishi hapa kwetu. Ni mbwa wangapi huzaliwa chini ya vibanda vya sokoni au kwenye mitaro, wakakua bila kuguswa na mkono wa mtu, isipokuwa mkono unaorusha jiwe? Kisha mmoja wao anapochukuliwa na kuwekwa uani, twashangaa kwamba hataki kupapaswa.

Kituoni binti yangu alifundishwa kuisoma lugha ya mwili wa mbwa, naye akaja kutufunza sisi mezani. Mbwa anayepiga miayo si lazima awe na usingizi. Anayejiramba midomo ilhali hakuna chakula, anayegeuza uso kando, anayelaza masikio na kuonyesha weupe wa macho, huyo anasema kwamba ana hofu. Akibanwa pembeni akakosa pa kukimbilia, anaweza kuuma, na atauma kwa woga wala si kwa ukali. Mzazi mwenye watoto wadogo afadhali ayajue hayo kuliko kujua mbwa ni wa mbegu gani.

Basi msichana akaanza kazi yake na Chai. Hakumfuata nyuma ya ndoo. Hakumnyooshea mkono juu ya kichwa. Aliingia kizimbani pole pole, akaketi sakafuni kwa ubavu bila kumkodolea macho, akawa anasoma gazeti kwa sauti ya chini kwa muda wa nusu saa. Kisha aliacha kipande cha nyama na kwenda zake.

"Unamsomea mbwa gazeti?" nilimuuliza.

"Mama, hasikilizi habari," alinijibu. "Anaizoea sauti yangu tu."

Wiki ya kwanza Chai alikula baada ya mgeni wake kuondoka. Wiki ya tatu alikula akiwapo, mradi tu awe amempa kisogo. Wiki ya sita alitwaa kipande cha ini mkononi mwake, akakimbia nacho pembeni kana kwamba amekiiba. Jioni hiyo binti yangu aliimba akiosha vyombo hadi jirani akaja kuuliza kama barua ya chuo imefika.

Mlango wafungwa

Barua ilifika kweli, na hapo ndipo furaha ilipoingia doa. Alitakiwa kuripoti Eldoret mwezi wa Septemba. Mtu mmoja pekee ambaye Chai alikuwa amemwamini angeondoka.

Fauka ya hayo, kituo kilikuwa kimejaa. Kila wiki waliletwa mbwa wengine, baadhi wamegongwa na magari, baadhi wametupwa kwenye katoni wangali hawajafungua macho. Msimamizi wa kituo, mama mwenye huruma lakini asiyependa kuwahadaa watu, alituita kando na kutueleza hali ilivyo. Kituo ni mahali pa kupita. Kelele za mbwa mia moja humchosha mbwa mchangamfu, sembuse mwoga. Mbwa asiyechaguliwa mwaka nenda mwaka rudi huishia kuzeeka kizimbani, au siku moja daktari huitwa na sindano yake. Hakusema hivyo kwa kututisha. Alitaka tuelewe kwamba Chai hana miaka mingi ya kungoja.

Msomaji atauliza kwa nini hatukumchukua sisi. Twaishi ghorofa ya nne mtaani Umoja. Mkataba wa nyumba unakataza mbwa kwa maandishi meusi. Na hata kama mwenye nyumba angelegeza kamba, roshani yetu ina upana wa kuanikia nguo tu, na chini yake matatu hupiga honi kuanzia saa kumi alfajiri. Kumfungia mbwa mwoga mahali kama hapo ni kumtoa kwenye moshi na kumtia motoni.

Nilimwona binti yangu akifunga masanduku huku machozi yakimlengalenga. Nikampa ahadi kwamba, kwa uwezo wangu wote, nitamtafutia Chai makao kabla ya muhula kuanza. Nilikuwa na majuma saba.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mwanakandarasi mmoja tunayesali naye. Alihitaji mbwa wa kulinda saruji na mabati mahali anapojenga. Nilipomweleza hali ya Chai alisema hilo si neno, atamfunga mnyororo mchana kutwa na kumpunguzia chakula, ukali utakuja wenyewe. Nilimshukuru, nikabadilisha mazungumzo. Kuna watu wengi wanaoamini kwamba mbwa hulinda vizuri akiwa na njaa. Ukweli ni kwamba mbwa aliyetiwa hofu na njaa hatambui tena nani mwizi na nani mtoto wa jirani.

Wa pili walikuwa mume na mke wenye mapacha wa miaka sita. Hao walikuwa watu wema ajabu. Watoto walikuwa wamekwisha kuchora picha ya Chai na kuibandika ukutani. Tulikwenda nao kituoni Jumamosi. Mapacha walipomwona walipiga kelele za furaha na kukimbilia kizimba. Chai alijibanza nyuma ya ndoo, akaanza kujiramba midomo na kutetemeka. Baba yao alisema atazoea. Msimamizi aliwaeleza kwa upole kwamba huenda akazoea, na huenda pia siku moja akabanwa chini ya meza na mikono minne midogo. Aliwapeleka kizimba cha tatu, kwa dume moja jeusi lililopenda kubebwa na kuchezewa. Waliondoka nalo siku hiyo hiyo.

Niliwafurahia, lakini njiani kurudi nilijihisi mnyonge. Yalikuwa yamebaki majuma matatu. Kila niliyemuuliza alitaka kujua mambo mawili: mbwa ni mkubwa kiasi gani, na anabweka?

Ushauri wa mzee wa Lamu

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuwa nimefikiria kuuliza. Jirani yetu wa ghorofa ya chini ni mzee wa kutoka Lamu anayetengeneza saa na redio. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa heshima yake, sikuwahi kumtajia habari za mbwa.

Jioni moja nilimpelekea redio ya jikoni iliyokuwa ikikoroma. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu," alijibu, kisha akaniuliza mbona nina uso wa msiba. Nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinikumbusha hadithi ya Mtume inayojulikana sana, ya mtu aliyemkuta mbwa akila mchanga kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Mimi siwezi kumweka ndani," alisema, "lakini kutomfuga si kumchukia." Akafikiri kidogo huku akipuliza vumbi kwenye redio. "Kuna mwalimu mmoja mstaafu wa huko Kiserian ambaye huniletea redio yake. Mume wake alifariki. Ana kuku na mbwa mmoja mzee. Sijamwona yule mama akiharakisha chochote. Nenda ukamjaribu."

Jumapili nilipanda matatu ya Kiserian. Mwalimu, kama kila mtu anavyomwita kule, alinikaribisha kwa uji wa wimbi na viazi vitamu. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefundisha watoto viziwi kwa zaidi ya miaka 30. Mbwa wake, Bobi, alinusa viatu vyangu mara moja, akarudi kulala kivulini. Shamba lilikuwa la nusu ekari, limezungushwa ua wa michongoma na waya, na barabara kuu haikusikika.

Nilimweleza yote bila kuficha: kovu, hofu, yule bwana na kondoo wake. Hakuniuliza kama Chai anabweka. Aliniuliza, "Anapoogopa, hukimbilia wapi?"

Nilijua wakati huo kwamba nimempata mtu.

Mwalimu hakumchukua Chai siku ya kwanza. Alikuja kituoni mara tatu. Mara ya kwanza aliketi na binti yangu kizimbani bila kusema neno. Mara ya pili alileta kitambaa kizee kutoka kwake, chenye harufu ya nyumba yake na ya Bobi, akakiacha kwenye kitanda cha Chai. Mara ya tatu alimleta Bobi mwenyewe. Yule mzee aliingia kizimbani kwa kuchechemea, akanusa hapa na pale, akalala chini kama aliyefika kwake. Chai alitoka nyuma ya ndoo. Alimnusa sikio. Kisha mkia wake, ambao binti yangu hakuwahi kuuona ila umefyatwa, ulitikisika mara mbili.

Msimamizi alitueleza kwamba mbwa mwoga mara nyingi humwamini mbwa mwenziwe kabla ya kumwamini mtu. Akimwona mwenzake akila mkononi mwa mtu bila kudhurika, naye hupata ujasiri. Ndiyo sababu nyumba yenye mbwa mtulivu huwa shule bora kwake kuliko nyumba isiyo na mbwa.

Watu wa kituo walikwenda Kiserian kuukagua ua. Chai alikuwa amechanjwa na kufungwa uzazi. Karatasi zikatiwa sahihi. Siku tano kabla ya binti yangu kwenda Eldoret, Chai alisafirishwa kwa pikapu ya mpwa wa Mwalimu, ndani ya kizimba kilichofunikwa shuka ili asitishwe na magari.

Siku ya lango wazi

Wanaowatunza mbwa wa aina hii wana hesabu yao: siku tatu za kutulia, majuma matatu ya kujifunza desturi za nyumba, na miezi mitatu ya kujihisi yuko kwao. Kwa mbwa mwoga kupindukia, muda huo waweza kuwa mrefu zaidi.

Siku tatu za kwanza Chai alikaa nyuma ya tangi la maji. Mwalimu alimwekea chakula hapo hapo, ugali uliochanganywa na omena na mchuzi wa mifupa, naye akala usiku watu walipolala. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kwenda kumwona. Kila wakati wa chakula Mwalimu aligonga sahani ya bati mara tatu kwa kijiko, kisha akainua kiganja kama alivyokuwa akiwaashiria wanafunzi wake. Wiki ya pili Chai alitoka alipoona kiganja tu. Mbwa, kumbe, husoma ishara za mikono upesi kuliko maneno.

Wiki ya nne, kijana anayeleta maji kwa mkokoteni aliacha lango wazi. Mtungi ulianguka kwa kishindo, na Chai akatoka mbio kama mshale.

Mwalimu alinipigia simu saa kumi na moja jioni. Watoto wa majirani walikuwa wamekwisha kushika fimbo tayari kumsaka, naye akawazuia. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mbwa mwoga ukimkimbiza, unamfundisha kukimbia." Aliniomba nisimwambie binti yangu kwanza. Nilikaa jikoni Umoja, chakula kikanishinda. Nilifikiria barabara ya Magadi na malori yake. Nilifikiria pia kwamba katika vijiji vyetu mbwa asiyejulikana, anayekimbia huku na huko, huitwa mwenye kichaa na kupigwa mawe kabla ya swali lolote kuulizwa.

Mwalimu alifanya hivi. Alilifungua lango kabisa, akatoa kigoda, akaketi kando yake na Bobi miguuni. Giza lilipoingia aligonga sahani mara tatu. Akangoja. Baada ya robo saa akagonga tena. Milima ya Ngong ilipotea gizani, baridi ikaanza kuuma, naye akajifunika blanketi na kuendelea.

Kwenye saa tatu usiku Bobi aliinua kichwa. Chai alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara ya vumbi, miguu imejaa matope. Mwalimu hakumwita wala hakujaribu kumshika. Aliinuka, akainua kiganja, akamgeuzia mgongo na kutembea kuelekea jikoni. Bobi alimfuata. Hatimaye Chai naye aliwafuata, hatua kumi nyuma yao. Mpwa, aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta, alilifunga lango taratibu.

Simu ilipolia nilikuwa bado jikoni. "Amelala," alisema Mwalimu. "Safari hii amelala mlangoni, si nyuma ya tangi." Mbwa hafi maji akiona ufuko.

Ningependa kukuambia kwamba tangu siku hiyo Chai aligeuka simba. La hasha! Bado huwakimbia wanaume wenye kofia. Mgeni akija hujificha, na akitoka, hutoka baada ya saa nzima. Habweki sana. Lakini Mwalimu akienda kuokota mayai, Chai humfuata unyo unyo. Akiketi kusikiliza redio jioni, Chai hulaza kidevu juu ya kiatu chake. Likizo ya Desemba binti yangu alikwenda kuwatembelea. Aliketi nyasini kwa ubavu, akafungua gazeti. Chai alikuja mwenyewe.

Kabla hujamchukua mbwa

Ndugu msomaji, huenda nawe unafikiria kumpa mbwa makao. Nina machache ya kukuambia kutokana na niliyoyaona.

Kwanza, fikiria nyumba yako kabla ya kumfikiria mbwa. Una watoto wadogo? Mnashinda nje kutwa nzima? Mkataba wa nyumba waruhusu? Mbwa mwenye haya hufaa mahali penye utulivu, na mtu mzima mwenye muda. Mbwa mchangamfu hufaa penye watoto. Hakuna ubaya katika kumkosa mmoja na kumpata mwingine.

Pili, chanjo si jambo la hiari. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na hadi leo kinaua watu, hasa watoto. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Serikali ilizindua mpango mwaka wa 2014 wenye shabaha ya kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini kwa chanjo.

Tatu, siku za fataki, Diwali na mkesha wa Mwaka Mpya, mweke mbwa ndani ya chumba mapema na ufunge lango. Mbwa wengi jijini hupotea usiku huo.

Nne, usimfunge mnyororo kutwa kucha kwa kudhani unamfanya mlinzi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kuwapiga na kuwatesa wanyama. Ukilemewa na mbwa wako, usimwache kwenye nyumba tupu. Vipo vituo. Kongwe kati ya hivyo ni KSPCA, chama kilichoanza mwaka wa 1910, ambacho makao yake yako kwenye Barabara ya Lang'ata, mtaani Karen.

Na siku utakapokwenda kwenye kituo chochote, wasalimie wale wanaoruka na kubweka mlangoni, kisha tembea hadi kizimba cha mwisho. Keti kidogo kwa ubavu, usimkodolee macho aliyemo. Huenda asitoke siku hiyo. Rudi Jumamosi ifuatayo.